Mkanda Kiunoni mwa Lukusa

Lukusa alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi, na siku alipoambiwa arudi kwao, ilibidi aulize kwao ni wapi. Aliyetoka Kasai ni baba yake, tena aliletwa Katanga na waliokuwa wakitafuta mikono ya kuchimba shaba. Lukusa mwenyewe aliendesha lori la mawe katika shimo la mgodi wa Mashamba mpaka mvi zikamwota. Hakuwahi kulalamika. Jiwe lilipomponda kidole cha mguu, alimaliza zamu kwanza ndipo akavua kiatu. Wenzake walimsifu, na sifa hizo zilimharibu, kwani tangu siku hiyo aliamini kwamba mwanamume ni yule anayejikaza kisabuni hadi mwisho.

Ikaja ile miaka ya tisini mwanzoni. Wanasiasa wakashika vipaza sauti wakasema watu wa Kasai ni bilulu, yaani wadudu, na wadudu hufagiliwa nje. Waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kutazamana kwa pembeni. Lukusa alipoteza kazi asubuhi na nyumba jioni. Vijana aliowajua kwa majina walibeba mpaka milango. Mmoja, mwenye malezi mema kabisa, alimwamkia kama baba yake, "Jambo, tata Lukusa," huku amejitwika kitanda cha Lukusa.

Binti yake Tshiela alikuwa mjamzito. Mumewe, Stany, kijana wa kaskazini mwa Katanga, aliambiwa na ndugu zake achague, naye akachagua ndugu. Alimrudisha Tshiela kwa wazazi wake na furushi lake, akaondoka bila hata kubisha hodi. Usiku ule Lukusa alimwambia mkewe, Kapinga, "Balitunyanganya byote. Lakini huyu mutoto wa Tshiela, apana. Huyu tutafika naye." Mtoto huyo ambaye hajazaliwa ndiye aliyekuwa mali yake yote iliyobaki.

Wakahamia gare, yaani stesheni ya treni, pamoja na umati mzima uliokuwa ukingoja treni za kwenda Kasai. Familia moja na nyingine zilitenganishwa na blanketi lililoning'inizwa, na treni zilikuja zilipojisikia. Kapinga alilia mchana kweupe, akamaliza, akalala. Lukusa hakulia wala hakulala. Alikaa juu ya mizigo macho makavu, akitafuna hasira yake kimyakimya, wiki baada ya wiki.

Ndipo kiuno kikaanza kumwaka upande mmoja. Mwanzoni alidhani ni baridi ya sakafu. Kisha vikatokea vipele vya maji, mafungu kwa mafungu, kuanzia uti wa mgongo kuzunguka ubavuni hadi kwenye kinena, na kitambaa cha shati kikimgusa alihisi pasi ya moto. Alimtafuta Henri, muuguzi wa dispensari aliyekuja pale na dawa za parokia. Henri alimtazama nyuma ya turubai.

"Njo zona, tata," alisema. Ni ule ugonjwa ambao wengine huuita mkanda wa jeshi. "Uliguwaka varicelle mu butoto?"

"Batoto bote ba camp tuliguwaka."

"Basi haikutokaka. Ilibakia mu mishipa, inalala. Uzee inaweza kuilamusha. SIDA pia. Na hii mateso pia: kukosa usingizi, mawazo, uchungu ya kufungia mu roho. Siwezi kuapa ni gani, lakini vile minakuona, ni mateso." Akamshika mkono. "Sikia muzuri, tata. Hii maji ya bipele inapatishaka varicelle. Mwanamuke wa mimba mwenye hayaguwaka varicelle asiiguse, hata nguo yako. Mutoto anaweza kufa."

Lukusa alisikia. Asije mtu akamtetea kwamba hakusikia. Hiyo varicelle ni tetekuwanga, na mwaka ilipopita katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kapinga alimficha Tshiela kwa shangazi yake mjini Lubudi, binti akarudi hajaugua, na ngozi safi kama alivyokwenda. Lukusa alikumbuka hilo hata kabla hajafunga mkanda wa suruali.

Lakini katika maneno yote ya Henri, SIDA, yaani UKIMWI, ndilo lililomkaa kooni. Alimwona Kapinga akiuliza ameitoa wapi, na gare nzima ikisikiliza nyuma ya blanketi. Tena kinena! Kwa watu wake, binti hapaswi kuuona wala kuusikia utupu wa baba yake. Huo ni mwiko mzito, tshibindi, na husemwa kuwa huweza kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Basi akaona ajikalie mbali tu, anyamaze. Alihamia ukutani, akala peke yake, na shati lenye majimaji akalivingirisha nyuma ya gunia.

Tshiela alipomletea chakula, alimwambia, "Weka pale." Kesho yake pia, "Weka pale." Binti akaenda kwa mama yake machozi yakimlengalenga.

"Tata ananikasirikia juu ya Stany."

"Tata yako ni vile," Kapinga akamjibu. "Itapita."

Tshiela hakungoja ipite. Asubuhi moja baba yake alikwenda kuulizia treni, amevaa koti tupu. Binti akatafuta namna ya kuomba amani, akaliona shati nyuma ya gunia. Alilipeleka bombani na kipande cha mwisho cha sabuni, akakaa na tumbo lake kubwa, akalisugua kwa mikono yake, hasa pale chini palipokuwa pameganda. Lukusa aliporudi alilikuta limekunjwa juu ya furushi lake, jeupe.

"Nani alifua?"

"Njo mi, tata," alisema Tshiela, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafike pale.

Henri alikuwa bado yupo, hatua chache tu, akigawa vidonge. Lukusa alimtazama Henri, akamtazama binti yake. Kisha akasema, "Aksanti, mwana," akarudi ukutani kwake. Hasira inapanda kusimulia jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Treni ilipokuja vipele vyake vilikuwa vimekauka, ila maumivu yalibaki palepale. Waliingia katika behewa la mizigo, watu juu ya watu. Njiani Tshiela akashikwa na homa, uso ukajaa vipele. Kapinga akajaribu kutania, "Nilikuficha Lubudi, kumbe ilikuwa inakungojea." Lukusa alitazama mbao za sakafu. Uchungu wa kuzaa ulimkuta Tshiela treni ikiwa imesimama kabla ya stesheni ya Tenke kwa kukosa injini. Alizaliwa msichana, akalia vizuri, wanawake wakapiga vigelegele ndani ya uvundo ule. Baada ya siku chache mtoto naye akatokwa na vipele, akaacha kunyonya, akafa. Treni ilikuwa bado imesimama.

Wanaume walichimba kaburi dogo kando ya reli. Ikatafutwa nguo ya kumfunika, na nguo zote zilikuwa chafu.

"Tata," Tshiela alisema, "unipe shati yako. Njo iko safi. Mi mwenyewe niliifua."

Lukusa alivua koti. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalivua, akasimama kifua wazi mbele ya mkewe, binti yake na behewa zima. Makovu mabichi yalitoka mgongoni, yakazunguka ubavu, yakashuka ndani ya suruali. Kapinga, aliyekuwa amempakata maiti, aliyatazama makovu, kisha akautazama uso wa binti yake.

"Njo nini hii?"

"Zona. Tangu ku gare." Akampa Tshiela shati. "Henri aliniambia mwenye mimba asiguse nguo yangu. Niliogopa utasema ni SIDA."

Tshiela alikuwa amelishika shati mikononi.

"Basi hukuwa na hasira na mi," alisema.

Hapo Lukusa alilia. Alilia kwa sauti, amejishika kiuno, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Kapinga alilichukua shati kutoka kwa binti yake, akalitandaza chini, akaanza kumfunga mtoto, kwa maana hapakuwa na nguo nyingine.