Napenda Kupika, kwa Kifaransa

Harufu ya siagi inayoyeyuka ilitoka jikoni kwa Madamu, mwalimu wetu Mbelgiji, ikapenya dirisha la darasa na kutukuta sisi wasichana kumi na wanne tumekaa sakafuni, matumbo yakinguruma. Hiyo ilikuwa Goma ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu, karani aliyeteremka kutoka milima ya Masisi, alitaka nijue lugha ya wakubwa. Msimu ule wa mvua tulikuwa na somo moja tu: kueleza kwa Kifaransa jambo tunalopenda kufanya wakati wa mapumziko. Kwa wasichana, alisema Madamu, jambo hilo ni kupika. Kila mmoja alisimama, akakunja mikono na kusema, "J'aime faire la cuisine," yaani napenda kupika, kisha akataja chakula chake. Mke wa mkubwa mmoja wa serikali angekuja kutusikiliza, na msichana mmoja tu angechaguliwa kwenda shule ya bweni Bukavu.

Mimi nilitaja keki. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Nyumbani kwetu, mtaa wa Murara, alipika mama, na hata ugali uliniungulia. Lakini ulimi hauna mfupa: unga, mayai na sukari vilinitiririka kinywani kama maji. Aliyenishinda Kifaransa ni rafiki yangu Veronika. Alifiwa na mama yake kijijini Kibati, akaletwa mjini kwa mjomba wake, ambako aliwapikia watu tisa kabla ya kuja shule na tena akirudi. Macho yake yalikuwa mekundu daima kwa moshi wa kuni mbichi. Siku ya mazoezi ya mwisho zamu yake ilifika, akasimama, akajibu kwa Kifaransa safi, "Non, Madame. Je n'aime pas." Sipendi. Madamu alitabasamu akidhani mtoto amekosea sarufi, akamsahihisha. Veronika akarudia vilevile. Akavutwa sikio hadi nje, akapigishwa magoti juu ya changarawe kali ya volkano, mvua ikimnyeshea.

Baadaye Madamu alinituma nikamuulize kisa cha ukaidi wake. Nilimkuta anatetemeka, magoti yanavuja damu. Alinijibu kwa Kiswahili chetu cha Goma, kama rafiki kwa rafiki: "Nani anapendaka moshi, Anyesi? Mimi napikaka juu ya njaa ya watu. Na huyu mama anapikiwaka na boyi wake. Anajua nini?" Ningeweza kurudi na kusema ameomba msamaha. Badala yake nilisimama wima mbele ya darasa, nikatafsiri neno kwa neno, kila kitenzi mahali pake, kwa sababu nilijua hilo lingemwondoa njiani. Uso wa Madamu uliwiva. "Amesema hivyo?" "Oui, Madame." Kabla ya adhuhuri Veronika alinyang'anywa kibao chake cha kuandikia na kufukuzwa. Alipopita mlangoni aliniangalia, akasema taratibu, "Umesema muzuri. Kifaransa yako imekomaa."

Mgeni alipokuja nilieleza keki yangu, akanipigia makofi, nikapelekwa Bukavu. Likizo ya pili niliambiwa kwamba Veronika ameozwa kwa mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto sita. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti; mimi niliendelea kula mkate wa bweni.

Juzi mjukuu wangu alimwambia baba yake, kwa Kifaransa, kwamba hapendi kupika. Baba yake alicheka, akatuma mtu kununua kuku wa kukaanga, nasi sote tukala. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa miaka thelathini, nikajenga nyumba, nikasomesha watoto. Veronika, nasikia, yu hai bado, amerudi kwao Kibati. Si mbali, pikipiki hufika upesi. Sijaenda.