Spana Yenye Sindano

Dukani Same kulikuwa na spana mbili tu za kupima mkazo, na muuzaji alinisukumia ile kubwa. Ilikuwa inang'aa ndani ya sanduku lake, na ukifika kwenye kipimo ulichoweka inalia tak! mkononi.

"Hii inakaza kila kitu, mwalimu," alisema.

Nikasoma mpini. Inaanzia niutoni-mita mia moja arobaini, na nati za injini niliyoifikiria zilitaka themanini. Nikamwambia hiyo awawekee wenye malori.

Mimi nafundisha fizikia, na ugonjwa wangu ni kuuliza. Injini yenyewe ni ya mashine ya kusaga ya mjomba wangu kule Bombo, dizeli ya silinda moja iliyonizidi umri. Mwaka huu ilikuwa imeunguza gasketi, lile bamba jembamba la kuzuia moto usipenye kati ya silinda na kifuniko chake, mara mbili, na kijiji kizima kikailaumu gasketi: eti za siku hizi ni makaratasi matupu. Mimi nilikuwa na shaka nyingine ambayo sikuthubutu kuitamka. Mjomba hukaza nati kwa mkono, bila kipimo chochote, na mkono huo ndio jina lake. Watu hupanda kutoka Maore kumfuata kwa sababu yake. Sasa gasketi ilibaki moja, na ya kufanana nayo hatujui tutaipata wapi. Hiyo nayo ikiungua, mashine imekufa.

Spana ya pili ilikuwa na sura mbaya: chuma chembamba, kibao cha namba karibu na mpini, na sindano inayosogea kadiri unavyovuta. Haina mlio. Lakini ile ya kwanza ingeniambia tu kwamba nimefika. Hii ingenionyesha mkono wa mtu uko wapi muda wote. Nikaichukua, nikapanda nayo hadi Bombo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea mtihani?"

Nilicheka kinafiki. Kwanza niliipima spana yenyewe, maana siamini kitu kwa kuwa tu kimeandikwa namba. Nikaibana kwenye jiliwa, nikaazima mzani wa kuning'iniza wa jirani anayenunua tangawizi, nikaufunga kwenye mpini, nusu mita kutoka kichwa cha spana, na kuuvuta hadi kilo kumi na sita. Sindano ikasimama chini kidogo ya themanini, palepale hesabu ilipotaka. Nilifurahi mno. Mjomba alicheka mpaka akakalia gunia.

"Leo spana inapimwa kama tangawizi!"

Tukaweka gasketi na kurudishia kifuniko juu yake. Nikamwomba akaze kwa spana yangu, lakini kwa mkono wake wa siku zote, bila kutazama namba. Akina mama waliokuja na mahindi walisogea mlangoni kutazama.

Nati zilikuwa nne, naye alikaza kwa kupishanisha. Ya kwanza, upande wa mlangoni: sabini na tisa. Bila kuangalia! Nikaona aibu kwa shaka yangu. Ya pili iko upande wa ukutani, ambako inabidi ajipinde na kuvuta kwa bega la kulia.

"Imekaa," alisema.

Sindano ilikuwa kwenye hamsini na tano. Nikadhani nimesoma vibaya. Ya tatu, mlangoni tena: themanini kamili. Ya nne, ukutani.

"Imekaa."

Hamsini na mbili.

Udadisi wote uliniisha, nikaogopa. Ningenyamaza, gasketi ingeungua, nayo ingelaumiwa kama zile mbili, na mjomba angebaki na jina lake na mashine iliyokufa. Nikainama karibu na sikio lake.

"Bado, mjomba."

"Ngapi?"

"Hamsini na mbili. Na ile nyingine ya ukutani, hamsini na tano."

Alilitazama bega lake, kisha mlango uliojaa watu. Nikatamani spana yangu ingekuwa ya kulia tak, imwambie yenyewe badala yangu. Halafu akahamia kwenye kona, akajibanza mahali pa kuona kibao, akashika mpini kwa mikono miwili na kuvuta. Sitini. Sabini. Mishipa ya shingo ilimsimama. Sindano ilipogusa themanini, aliishikilia hapo, akiitazama.

"Kumbe siku hizi themanini iko mbali hivi," alisema, kwa sauti ambayo mlangoni waliisikia.