Mzee Aliyekula Chumvi Nyingi

Chekeni, lakini mnisitiri. Mimi ni muuguzi, nimehamia Nachingwea juzijuzi kutoka Mwanza.

Wiki iliyopita aliletwa mzee kutoka Chiola, sukari imempanda hadi hajitambui. Dripu ilipoanza kumzindua, majibu ya maabara yakaja: chumvi kwenye damu nayo iko juu mno. Nikajifanya mpelelezi, nikamgeukia mkewe.

"Bibi, mzee amekula chumvi nyingi?"

Akatabasamu kwa fahari. "Nyingi, mjukuu wangu! Chiola nzima hakuna anayemfikia."

Nikashika kiuno. "Na wewe unamwangalia tu? Kwa nini hukumzuia?"

"Nimzuie vipi? Anayempa ni Mungu."

Hapo nikafoka mpaka wodi nzima ikageuka. Daktari akaja mbio, akasoma majibu.

"Muuguzi, chumvi hii haikutoka jikoni. Sukari imemkojoza mzee mpaka ameishiwa maji, ndiyo maana chumvi imekolea kwenye damu. Sasa bibi wa watu unamgombeza nini?"

Bibi akanijibia, huku akijifuta machozi kwa kanga:

"Daktari, ananigombeza kwa nini nimemwacha mume wangu azeeke."