Siku Mama Alipodai Kiondo Chake

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapomwona kijana mwenye moyo mzuri akimpokonya mzee mfuko wa sukari mlangoni pa duka. Hufanya hivyo kwa heshima, najua. Mimi pia nilikuwa na heshima nyingi wakati huo, na kwa heshima hiyo nilikaribia kumlaza mama yangu kitandani maisha yake yote.

Mke wangu Muthoni alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, kwa hiyo mtoto akaitwa Wanjiru kama Mama. Na ukipata wajina, hukai kwako ungoje kuletewa. Unamwendea, ukiwa umembebea mama yake chakula mgongoni: ndizi za kupika, unga wa uji, na juu ya vyote njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mwanamke aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa. Unafika na mzigo wako, na mkaza mwana anatoka kukutua mlangoni. Nyanya yetu alikuja hivyo dada yangu Nyokabi alipozaliwa, na Mama ndiye aliyemtua. Habari hiyo alitusimulia mara nyingi, hata bila kuulizwa.

Shida ni kwamba Mama alikuwa ameanguka mwaka uliotangulia akavunjika nyonga. Daktari alisema mfupa umeshika vizuri, kilichobaki ni kutembea tu. Mama hakutembea. Alipewa fremu ya chuma ya kutembelea, akaigeuza ya kuanikia vitambaa. Siku zake zote alizimaliza kati ya kitanda na kochi, kule kwake Gitothua, Ruiru, nasi watoto wake tukamsaidia kwa bidii asitembee. Nyokabi alimsogezea kila kitu karibu. Mimi nilimnunulia televisheni kubwa. Nilikuwa na shahada, tena nilikuwa nimesoma kwenye mtandao habari za mifupa ya wazee, na mtu wa namna hiyo, mwanangu, umwogope.

Basi Mama akatangaza kwamba atakwenda Thika kumwona wajina wake, na kwamba njahi atainunua mwenyewe. Tulijaribu kumzuia kwa upole, tukashindwa kwa upole. Jumamosi nikakodi teksi, tukamchukua, na saa nne tukawa sokoni Thika.

Nyokabi alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, kama polisi wawili waliomkamata mwizi wa kuku. Kiondo chake, kile kikapu cha kusuka cha zamani chenye ukanda mrefu, nilikuwa nimekitundika begani mwangu, kitupu. Mama alitembea ameegemea nyuma, macho kwenye viatu vyake, kila hatua akiipima kama anavuka mto. Hatukuwa tumemaliza wauza nyanya na tayari jasho lilimtiririka. Tulipofika kwa muuza njahi, mama mmoja mpana mwenye aproni ya maua, tukaomba kigoda akaketi.

Nilitoa uamuzi wangu hapo hapo. Mama angerudi garini. Mimi ningenunua kila kitu, tungekwenda hadi nyumbani kwangu Kiganjo, humo humo Thika, na mtoto angeletwa pale pale garini amwone. Nilijiona mwana mwema kweli, wa kumletea mamake mjukuu dirishani.

Mama aliangalia mikono yake iliyolala mapajani, haina kitu. Nyokabi akaniangalia kwa hofu, kwa sababu mama yetu si mtu wa kukosa la kusema. Nikaelewa kwamba akirudi garini, hatatoka kwenye kochi lile tena.

Muuza njahi alikuwa akitutazama muda wote. "Mbona mmemshika hivyo?" akaniuliza. "Ama huwa anatoroka?"

Wenzake wakacheka. Mama naye akacheka, na kicheko hicho kikamrudishia ulimi.

"Nipe hiyo kiondo," akaniambia.

Alichagua njahi. Gunia la kwanza alilinusa akalikataa, la pili akatafuna punje moja, akakubali shingo upande. Njahi ilipoingia ya kutosha akamwambia Nyokabi akiinue kiondo kimkae mgongoni, naye akauvuta ukanda hadi utosini, jinsi alivyobeba kuni na maji tangu usichana wake. Nikaanza kumweleza habari za uzito na nyonga.

"Wewe nilikubeba na hii mgongo nikienda kuchuna kahawa," akasema, "na hukuwa unanifundisha. Mtu akiwa hana kitu mgongoni anabaki kuangalia miguu. Niangalie miguu ya nini? Si iko hapo chini."

Akasimama. Mzigo ukamwinamisha mbele, mikono ikashika ukanda pande zote mbili za kichwa, na miguu, ambayo mwaka mzima ilikuwa kama ya kuazima, ikamtambua mwenyewe. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Sisi polisi tukabaki nyuma.

Mwanangu, alilimaliza soko lile. Alikwenda kwa wauza ndizi akagombana nao kwa raha, akanunua unga, akamtafutia wajina leso, akairudisha kwa kuwa rangi yake ni ya kizee, akatafuta nyingine. Aliposikia uchovu aliegemea meza ya mtu akapumzika, kisha akaendelea. Mimi sikuwa na cha kubeba, kwa hiyo nilikuwa nikigongwa na kila mwenye kazi.

Kule Kiganjo alimsimamisha dereva lami ilipoishia. Barabara ya udongo iliyobaki aliimaliza kwa miguu, polepole, akisalimia watu wa vibanda pande zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Wanawake waliokuja kumwona mtoto walimwona kutoka getini wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu vya kumpokea mtoto, na nikajua safari hii vinampokea na nyanya yake. Muthoni akatoka, akanikabidhi mtoto, akaweka mikono yote miwili chini ya kiondo.

Mama hakukiachilia mara moja. Alisimama kizingitini akimtazama wajina wake mikononi mwangu.

"Ameona nimekuja na miguu yangu," akasema. "Sasa nitue."

Mama amezeeka kweli sasa, lakini akija kwetu hashuki garini mikono mitupu, hata kama ni mboga ya sukuma wiki kidogo tu. Wanjiru, ambaye amenipita urefu, humngoja mlangoni. Hamkimbilii njiani. Amefundishwa na nyanya yake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimpenda mzee wako, muulize kwanza kabla hujampokea mzigo. Labda ndio unaompa nguvu ya kusimama. Mwachie kinachomtosha, tembea nyuma yake bila haraka, na mikono yako iwe tayari pale mlangoni. Nami nakuombea uishi hadi upate wajina wako, uende kumwona kwa miguu yako mwenyewe, na utakapofika umkute mtu wa kukutua.