Vinyago Vilivyokaa Sana

Baba yangu ni mchonga vinyago hapa Mwananyamala. Siku alipowaambia wenzake wa kikundi kwamba programu ya kutunza orodha ya vinyago vyao ataiandika bintiye, nilijua ameweka jina lake rehani, maana walikuwa wameshampata mtaalamu wa mjini. Wakakubali kunijaribu Jumamosi, saa nane mchana. Ikigoma, atakayeaibika ni baba.

Saa nne asubuhi ikagoma.

Orodha yangu niliifanya irithi orodha ya kawaida ya lugha ya programu niliyotumia, ili nipate bure amri za kuongeza, kufuta na kupanga. Ilibaki kuchuja: toa vya mpingo tu, toa ambavyo havijauzwa. Amri ya kuchuja ipo, ila si ya orodha yenyewe. Ni ya nyongeza, imepachikwa kutoka nje. Nikiiita kutoka sehemu nyingine ya programu, inachuja vizuri. Nikiiita ndani ya orodha yangu mwenyewe, kompyuta inadai haiijui.

Nikameza kiburi, nikampigia mtaalamu.

"Sista, hiyo orodha ya kurithi itupe, anza upya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshapata kazi.

Nilikasirika, na hasira zangu huwa na faida. Nikalinganisha mistari miwili, unaokubali na unaogoma. Unaokubali ulianza na jina la orodha, kisha nukta, ndipo amri. Wa ndani ulianza na amri moja kwa moja, kwa mazoea, kwa sababu amri za kurithi hazidai utangulizi. Ya nyongeza inadai: lazima uitajie orodha ya kushughulikia, hata ukiwa ndani yake. Nikaandika this, yaani "orodha hii hii", na nukta mbele ya amri. Ikachuja. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Saa nane, baada ya shikamoo zote, mwenyekiti akasema, "Haya binti, tuonyeshe vya mpingo vilivyokaa sana bila kununuliwa."

Nikabonyeza. Cha kwanza, cha baba. Cha pili, cha baba. Wazee wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze.

Baba akasimama. "Mmeona? Haijanipendelea hata mie, baba wa aliyeiandika. Mnataka nini tena?"

Wakaichukua papo hapo.

Jioni baba alikileta nyumbani kile kinyago cha kwanza, akakiweka kando ya kompyuta yangu. Akaniambia nikifute kwenye orodha, kimeshapata mwenyewe.