Nilienda Marani kumtafsiria mhadhiri wa falsafa, nikaulizwa swali la marehemu babu

Wakuu, habari za huko mliko. Hii sijaitia chumvi. Ningejua kutunga, Kiswahili nisingepata C-.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Form Four nilimaliza, dunia nikawaachia wengine. Nikionekana stage ya Nyamira mara mbili kwa wiki, mama anauliza kama nimehama.

Sasa kwa plot yetu amepanga Daktari Atieno, mama wa kutoka upande wa ziwa. Anafundisha falsafa chuo kikuu huko Kisii. Nilidhani falsafa ni kuongea pole pole ukiwa na miwani. Kumbe kuna research, kuna fomu za kusaini, kuna recorder.

Swali lake: sisi Wakisii humpa mtoto jina la marehemu. Je, limerudi jina tu, ama amerudi mtu?

Alihitaji wa kumtafsiria Ekegusii. Akanipata nikiota jua.

"Wewe huna shughuli."

Ukweli unauma.

Akanipa sheria moja. "Wewe ni bomba. Maji yapite. Usiongeze, usipunguze, na usimjibu mtu kwa kichwa chako."

Jumamosi mchana tukafika Marani kwa omong'ina mmoja, bibi mzee anayeishi peke yake. Tulimkuta ndani akipepeta wimbi, manyunyu yakigonga mabati. Mcheshi sana. Aliniuliza kama nimeoa. Nikasema bado.

"Inaonekana, mwanangu."

Recorder ikawashwa. Kila kitu kilienda sawa hadi akaniuliza mimi ni wa nani.

Nikamwambia naitwa Nyakundi, jina la babu yangu, aliyetoka hapa Marani akahamia Nyamira zamani.

Ungo ukasimama.

Wakuu, "mwanangu" iliishia hapo. Bibi aliinuka, akanipa kiti chake, yeye akaketi chini kama msichana aliyeitwa na wazee. Macho hakuinua tena.

"Umechelewa," akasema.

Mimi ni bomba. Nikatafsiri: "Anasema nimechelewa."

Bibi akaendelea: "Niliwaambia wazee nilikuona zizini siku ile ng'ombe alipotea. Sikukuona. Aliyemchukua ni ndugu yangu. Nilikuwa mtoto, nikaogopa. Wakakufukuza. Ulisimama pale mlangoni ukasema utarudi nikuambie ukweli usoni."

Nilikuwa natafsiri hivyo hivyo, "mimi" na "wewe" bila kubadilisha, na jasho linanitoka.

Daktari akanikatiza. "Ngoja. Anaongea na nani?"

"Na mimi."

"Wewe yupi?"

Hapo nywele zilinisimama. Kwetu hakuna mtu alikuwa ametuambia kwa nini tulitoka Marani. Tulidhani ni mambo ya shamba.

"Umenisamehe?" bibi akauliza. "Wenzangu wote wameenda. Siwezi kuwafuata nikimvuta huyo ng'ombe."

Nilifungua mdomo niseme mimi ni mkalimani tu. Haki ya Mungu, hiyo ndiyo sentensi nilikuwa nayo. Iliyotoka, kwa Ekegusii cha kizee ambacho hata sikimudu, ni hii:

"Nilikusamehe kabla sijavuka mto."

Bibi akafunika uso kwa leso. Alilia bila sauti, mabega tu. Alipomaliza akasema, "Basi pumzika. Usiitwe tena." Akarudi kwa wimbi lake kama hatupo.

Njiani Daktari akaniambia mahojiano yale hawezi kuyatumia, kwa sababu bomba limejibu. Wiki iliyofuata akawapa wanafunzi wake swali: nani alimsamehe? Nasikia darasa liligawanyika. Mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa pale, ningefeli.

Nyumbani nikamsimulia baba. Nilitegemea ashtuke kusikia ya ng'ombe. Hata hakumtaja. Akauliza:

"Mambo ya mto uliambiwa na nani? Hayo babu yako aliniambia mimi peke yangu."

Funzo: nilikuwa nawacheka watu wa falsafa ati wanauliza maswali yasiyo na majibu. Hayo hayana shida. Ogopa lile linalojibiwa na mdomo wako wakati wewe mwenyewe uko kimya.

Siku hizi mama akiita "Nyakundi!" nangoja kidogo, nisikie kama kuna mwingine ataitika kwanza.

Wenye majina ya wazee, nisaidieni hapa chini. Ule msamaha ulikuwa wangu kuutoa? Na kama haukuwa wangu, niutie neno ama niuache vile ulitoka?