Bulangeti la Vipande vya Kapenda

Mama yangu Élisa hakuweza kuona kitu bila kukigeuzageuza. Ukimpa sahani mpya, anaangalia kwanza chini yake. Tulimcheka, naye akatuacha tucheke.

Mwaka 1951 nilipata nafasi ya kusomea ukunga Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Baridi ya mwezi wa sita huko inauma, na bulangeti sikuwa nalo. Kapenda, fundi aliyeshona makoti ya watu wa reli hapa Kamina, akampa Mama mfuko wa mabaki ya nguo nzito. Makoti yote aliyakata kwa kipimo kimoja, kwa hiyo mabaki nayo yalifanana: vipande vya pande nne zilizokwenda ovyo, ndani ya kipande kimoja hakuna upande sawa na mwingine.

Baba, mwalimu wa shule ya Wametodisti, alishauri kila kipande kikatwe kiwe mraba. Alipokata cha kwanza, nusu ikaanguka chini. Nikaona bulangeti langu litaishia magotini.

“Ba Tamar, acha makasi,” Mama alisema, akimwita Baba kwa jina langu. “Minyi niko naona kitu.”

Akalaza kipande mezani. Akachukua cha pili, akakizungusha kichwa chini bila kukipindua, akaunganisha upande mrefu na mrefu mwenzake. Halafu mfupi na mfupi. Vipande vinne vilipokutana, kila kimoja kilileta pembe yake tofauti, na pembe zote nne, pana na nyembamba, zilifungana mahali pamoja. Tundu hakuna.

Unafikiri aliridhika? Wapi! Akataka kujua kwa nini. Baba akachora umbo la pande nne kwenye karatasi, akaligawa kwa mstari kutoka pembe hadi pembe, zikatoka pembetatu mbili. Pembe tatu za kila moja, ukizipanga pamoja, zinafanya mstari ulionyooka, yaani nusu mzunguko. Mbili zinatimiza mzunguko mzima. Mama hakuamini mpaka aliporarua pembe za karatasi na kuzipanga mwenyewe. Akachora umbo baya zaidi, akararua tena. Zikafungana. Nilikasirika kweli: treni yangu iko karibu, wao wanachezea karatasi!

Bulangeti lilifika miguuni. Kingo zake zilikuwa na meno kama msumeno, na Mama alikataa kuzinyoosha, maana kunyoosha ni kukata. Wasichana wa bweni walinicheka mpaka baridi ilipoingia. Hapo nilijifunika hadi kichwani, nikapapasa kwa kidole mahali pembe zinapokutana. Upepo haukupita hata kidogo. Nikalia kwa kumkumbuka Mama.